Umbali mmoja, saa mbili tofauti

Ndugu Mhariri,

Nilifundisha jiografia kwa miaka 31, na bado naumia nikimwona mtu akigawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, kisha akadai amepata muda wa safari. Juzi mwanangu alifanya hivyo kwa safari ya London hadi New York. Ni kilomita 5,500 hivi, lakini kwenda huchukua kama saa 8 na kurudi karibu 7. Umbali ni ule ule. Upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, huikabili ndege usoni wakati wa kwenda na kuisukuma wakati wa kurudi.

Kisha akaniuliza kwa nini kwenye ramani ya ukutani njia inapinda kuelekea kaskazini. Nikachukua tufe la dunia na uzi. Nilipoukaza kati ya miji hiyo, uzi wenyewe ukapita Newfoundland, kisiwa cha Kanada kilicho kaskazini-mashariki ya New York: hiyo ndiyo njia fupi zaidi, ila ramani bapa huionyesha imepinda. Alinyamaza kwa muda mrefu akiutazama.

Naomba gazeti lako, linapoandika habari za safari ndefu, litaje muda wa kwenda na wa kurudi, na litenganishe saa za angani na saa za kusubiri kubadilisha ndege. Anayesafiri na mgonjwa anazihitaji zote.

Mwalimu mstaafu