Salamu za mwaka mpya kwa mji uliozaliwa juzi

Wakazi wa miji midogo iliyoanza kujitawala hivi karibuni, waheshimiwa madiwani mlioapishwa kabla meza za ofisi hazijafika, nanyi watumishi mnaofanya kazi katika vyumba vya kuazima: heri ya sikukuu, na mwaka mpya uwakute wazima.

Miji mikubwa haikosi wa kuitakia heri. Mwaka huu salamu zangu zinawajia ninyi, kwa sababu naujua uzito wa kazi mliyoianza na najua kwamba wengi hawaioni. Sherehe za kuzaliwa kwa mji huwa fupi. Kura zinahesabiwa, matokeo yanatangazwa, watu wanakumbatiana, na kesho yake gari la taka linatakiwa kupita. Wengine msimu huu wanatazama nyuma na kupima miaka kumi au ishirini ya mamlaka zao. Ninyi mna miezi tu, na katika miezi hiyo mmelazimika kuamua mambo ambayo watoto wenu watayakuta yamekwisha kuwa desturi.

Nadhani hakuna kinachoipima serikali changa ya mji kama sikukuu. Ofisi zimefungwa, mhandisi yuko safarini, mhasibu amekwenda kwa wazazi wake, na saa sita usiku bomba kuu linapasuka. Mkazi anapiga simu. Nani anapokea? Bomba ni la mamlaka ya maji ya eneo zima, barabara inayochimbika ni ya mji, na fedha za dharura zinataka saini mbili, mojawapo ya mtu ambaye simu yake imezimwa. Hapo ndipo mkazi anapojua kama ana serikali au ana jina tu kwenye ramani. Ninachowaomba ni kidogo: kabla ya kila likizo, iwepo karatasi moja inayosema nani anakaimu, anaruhusiwa kutumia kiasi gani bila kusubiri kikao, na mji upi jirani umekubali kwa maandishi kuleta gari la zimamoto. Na nakala yake awe nayo mlinzi wa getini pia, maana yeye ndiye atakayekuwa macho.

Neno langu kwenu msimu huu ni hili. Mji mdogo unaweza kuazima karibu kila kitu: magari, wahandisi, askari, jengo la mikutano, hata sheria. Lakini mkazi akiuliza, lazima ajibiwe na mji wenyewe.

Nasema hata sheria, na namaanisha. Katika jimbo la Kalifornia, nchini Marekani, baraza la mji mpya hutakiwa na sheria, kabla ya kufanya jambo jingine lolote rasmi, kupitisha uamuzi kwamba sheria za kaunti, yaani mamlaka ya eneo pana ambamo mji umo, zilizokuwa zikitumika mahali pale ziendelee kutumika kama sheria za mji kwa siku 120, au mpaka baraza litunge zake. Naona ni busara kubwa. Bila hivyo mji ungeamka siku ya kwanza hauna sheria ya kelele, ya ujenzi wala ya kuegesha magari, na asubuhi hiyo hiyo mtu angeanza kuchimba msingi mahali pasiporuhusiwa. Pia inawapa madiwani nafasi ya kupumua. Nimesikia mabaraza yanayotaka kuandika kila sheria ndogo upya ndani ya miezi mitatu ili kuonyesha kwamba yameanza kazi. Msiharakishe. Ya jirani itawafaa kwa muda, na mkiitumia mtajua ni kifungu gani hakiwafai na kwa nini.

Ambacho hakiazimiki ni kumbukumbu zenu. Naomba niwasalimu kwa namna ya pekee makarani wa mabaraza. Meya hupigwa picha, karani huandika. Miaka mitano baadaye mkandarasi akidai malipo, au jirani akibisha mpaka, picha ya uzinduzi haimsaidii mtu. Kinachotafutwa ni ukurasa unaoonyesha kikao kilikuwa na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, kura zilikuwa ngapi, na nani alitoka nje kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Kama mji wenu una fedha za kumwajiri mtu mmoja tu mwaka huu, mwajirini karani mzuri kisha mtafute mengine.

Kuhusu muundo wenyewe wa uongozi, historia imetuachia mafunzo ambayo hatuna haja ya kuyalipia mara ya pili. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, katika jimbo la Texas, kikaua maelfu ya watu. Mwaka uliofuata mji ukaanza kuongozwa na makamishna, kila mmoja na idara yake: fedha, maji na majitaka, polisi na zimamoto, barabara na mali za umma. Wote pamoja ndio waliokuwa baraza. Mji ukajengwa upya, na miji mingi ikaiga mtindo ule. Kasoro ikaonekana baadaye. Wakati wa bajeti kila kamishna aliipigania idara yake, na waliopaswa kuhoji matumizi ndio hao hao waliokuwa wakitumia.

Wakati huo mji mdogo wa Staunton, Virginia, ulikuwa umejaribu njia nyingine. Mwaka 1908 ulimwajiri mhandisi, Charles Ashburner, awe meneja mkuu wa shughuli za mji. Mwaka 1912 wakazi wa Sumter, South Carolina, wakaikubali sura kamili ya wazo hilo: baraza dogo lililochaguliwa linaamua sera na bajeti, kisha linaajiri meneja mmoja wa kuzitekeleza. Mwaka 1913 mafuriko makubwa yaliikumba Dayton, Ohio, na mwaka uliofuata nayo ikaanza kuongozwa hivyo, ikiwa mji mkubwa wa kwanza kufanya hivyo.

Sheria za nchi nyingi hazikuachieni uhuru wa kuchagua muundo, nami siwashawishi mwende kinyume nazo. Lakini pale penye nafasi, kwa mji mdogo naupendelea mpangilio huu wa baraza na mtendaji wa kuajiriwa. Diwani wa mji mdogo ana kazi yake nyingine ya kumlisha. Hawezi kushinda ofisini akikagua mikataba ya mitaro, na hatakiwi. Anachoweza ni kukaa jioni na wenzake, kusoma taarifa kwa makini, kuuliza maswali magumu, na wingi wa kura ukitaka, kumwondoa mtendaji aliyeshindwa. Mpangilio huu huharibika pale diwani anapomsimamisha fundi barabarani na kumwamuru ahamishe kazi mtaa wake. Fundi hana ujasiri wa kukataa, meneja hajui, na mtaa uliokuwa kwenye ratiba unaachwa. Andikeni mapema kwenye kanuni zenu kwamba diwani anaagiza akiwa kikaoni. Ni rahisi kuikubali kanuni hiyo sasa, kabla haijamgusa mtu yeyote kwa jina.

Tena, msione aibu kuanza na meneja wa muda. Mtumishi mstaafu aliyewahi kuendesha mji mwingine, kwa miezi sita tu, atawafungulia akaunti, ataweka bima kabla gari la kwanza halijaondoka uani, ataandaa muundo wa watumishi, na ataondoka bila kinyongo. Wa kudumu mtafuteni baraza likishajijua.

Sasa nirudi kwenye kuazima, kwa sababu hapa ndipo miji midogo hupona au huumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maelfu ya nyumba yalijengwa kwa kasi kusini mwa kaunti ya Los Angeles, mahali palipoitwa Lakewood, na mji jirani wa Long Beach ukawa unalimega eneo hilo kipande kwa kipande na kuliingiza ndani ya mipaka yake. Mwaka 1954 wakazi wakapiga kura wawe mji wao wenyewe. Hawakuanzisha idara ya polisi wala nyingine nyingi. Waliingia mikataba na kaunti iendelee kuzifanya kazi hizo, mji ukilipa. Mpango huo ulipata jina la Lakewood, na miji mingi ya Kalifornia iliyozaliwa baadaye ikaufuata.

Nusu karne baadaye, tarehe 1 Desemba 2005, mji wa Sandy Springs ulianza kazi huko Georgia. Wenyewe ulikabidhi karibu shughuli zote za ofisi kwa kampuni moja binafsi, ukijibakizia polisi na zimamoto. Miaka michache baadaye mkataba ule mmoja ukagawanywa kwa makampuni kadhaa, na mwaka 2019 baraza likaamua kuwaajiri moja kwa moja watumishi wengi, kwa kuwa hesabu zilionyesha kwamba ingekuwa nafuu. Wapo wanaousimulia mwisho huo kama kushindwa. Mimi nauona kama mji uliokua na kuweza kusoma hesabu zake. Mkataba uliwavusha siku ambazo hawakuwa na mtu hata mmoja. Walipokuwa na watu wa kuwalinganisha, wakalinganisha.

Kwa hiyo azimeni bila woga, lakini kila mkataba uwe na mtumishi wa mji anayeujua kwa undani. Mji usio na hata mtu mmoja anayeelewa lami nzuri huwekwaje hauwezi kumsimamia anayeweka lami. Mkazi akilalamika kwamba taka hazikuchukuliwa, asiambiwe aitafute kampuni. Malalamiko yapokelewe na mji, yaandikwe, na mji ndio uisukume kampuni. Mkataba wenyewe useme taka zikikosa kuchukuliwa siku mbili kinachotokea ni nini, na sikukuu inahesabiwaje.

Fedha nazo zina kalenda yake isiyojali shangwe zetu. Mara nyingi orodha ya walipa kodi ya majengo huwa imekwisha kufungwa mji ukiwa haujazaliwa, na makusanyo ya kwanza hufika miezi kadhaa baada ya mshahara wa kwanza kudaiwa. Pengo hilo hujazwa kwa mkopo mfupi au kwa mamlaka ya zamani kukubali kuendelea na huduma kwa muda. Yote mawili ni sawa, ilimradi tarehe ya mwisho iwe imeandikwa. Mkataba wa Ulaya wa Serikali za Mitaa, uliofunguliwa kwa saini mwaka 1985, unasema wazi kwamba fedha za mamlaka hizi ziwiane na majukumu zilizopewa na sheria. Huhitaji kuwa Mzungu kuudai uwiano huo. Mkikabidhiwa barabara, ulizeni papo hapo fedha za kuitunza zinatoka wapi. Mkikabidhiwa daraja, dai taarifa ya mhandisi kuhusu hali yake kabla ya kutia saini, maana daraja bovu ni deni hata kama halimo kwenye vitabu. Na faili za vibali vya ujenzi za miaka iliyopita ziombeni mapema, kabla ofisi ya zamani haijahama au haijazichoma kwa kukosa nafasi.

Nina salamu nyingine, na hizi nazitoa kwa moyo wote, kwa wakazi waliopiga kura ya hapana. Kila mji mpya unao. Waliogopa kodi, waliogopa vyeo vingi, waliona mamlaka ya zamani ilikuwa inatosha. Baadhi ya hofu zao zilikuwa sahihi, na sasa wanalipa kodi sawa na wengine wote. Waheshimiwa, waiteni hao kwenye kamati ya ukaguzi. Mtu aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo atasoma hesabu zenu ukurasa kwa ukurasa, na akizikuta safi, neno lake litasadikiwa mitaani kuliko tangazo lolote la meya. Nanyi mliokataa, naomba mkubali mwaliko.

Mwaka 1989 mji wa Porto Alegre, Brazili, wenye watu zaidi ya milioni, ulianza kuwakutanisha wakazi katika mikutano ya maeneo yao wajadili fedha za maendeleo ziende kwenye mitaro, lami au shule. Mkazi wa mtaa wa juu alikaa akamsikia wa mtaa wa bondeni akieleza maji yanavyoingia chumbani. Ninyi ambao mnafahamiana kwa majina mnaweza kufanya hivyo kwa wepesi zaidi, katika ukumbi mmoja, jioni moja. Fanyeni kabla bajeti haijapitishwa; ikishapita, mkutano unakuwa wa kutangaziwa tu.

Mahali pengi madiwani wa baraza la kwanza hawapewi muda sawa, ili viti vyote visiwe wazi siku moja. Ninyi mliopata muda mfupi, ambao mtarudi kwa wapiga kura kabla hata jiwe la msingi halijawekwa, nawashukuru. Kazi yenu itakuwa mikataba, kanuni, akaunti na daftari la mali, na anayekuja baada yenu ndiye atakayekata utepe.

Kikao cha kwanza cha mwaka kikiitishwa, wekeni kwenye ajenda orodha ya mikataba yote mliyoingia, tarehe ambayo kila mmoja unakwisha, na jina la mtumishi anayeusimamia. Bandikeni orodha hiyo mlangoni siku tatu kabla ya kikao, na viti vya wakazi vitoshe. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote na kwa majirani zenu waliowaazima.