Kompyuta Inayopona Kila Ikifika Dukani Kwenu

Molo,
Kaunti ya Nakuru.
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta,
Nakuru Mjini.

Bwana Meneja,

MINT: KOMPYUTA YA MEZANI ISIYOWAKA ASUBUHI

Tarehe 12 Mei nilinunua kwenu kompyuta ya mezani, mtumba wa Uingereza, kwa shilingi 18,500. Risiti ina muhuri wenu na imeandikwa waranti ya miezi 6. Tangu siku hiyo nimeipandisha matatu kuileta Nakuru mara 3, nimeipakata kama mtoto mgonjwa, na mara zote 3 fundi wenu ameibonyeza mara moja tu ikawaka. Kijana ananitazama, nami namtazama. "Mama, mashine iko sawa." Nalipa nauli, narudi nayo, na kesho yake asubuhi inakataa.

Sasa nimejua kwa nini inapona ikifika kwenu, ndiyo maana nimeandika badala ya kuja mara ya 4.

Nina saiba ndogo ya intaneti hapa Molo na hufungua saa 1 na nusu asubuhi. Nyinyi wa mjini mnaijua baridi ya Molo kwa kusimuliwa. Tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huu wa Julai hata kipanya cha kompyuta ukikishika asubuhi unatamani kuvaa glavu. Nikibonyeza kitufe, taa inamulika, feni inajitikisa nusu mzunguko kama kuku aliyeguswa usingizini, kisha kimya. Hakuna mlio, na skrini haileti hata ile alama ya kwanza. Nabonyeza tena, na tena. Nimekuwa nikiandika kwenye daftari: Julai 1, mara 9. Julai 2, mara 6. Julai 3, mara 11. Julai 5 jua lilitoka mapema, mara 2. Ikishawaka, kwa kawaida saa 4 hivi, inachapa kazi mpaka jioni bila kukohoa. Hata ukiizima na kuiwasha papo hapo, inaitika.

Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za KRA, na kwetu sisi wa saiba siku hiyo ni kama Krismasi kwa muuza mbuzi. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwa mama wa viazi. Mzee mmoja alikuja na koti lake la kanisani, akakaa mbele ya mashine yenu, kitambulisho mkononi, akisubiri skrini nyeusi. Alingoja karibu saa nzima. Kisha akainuka polepole, akaniambia "si neno, binti yangu," akavuka barabara kwenda kwa jirani yangu, na nyuma yake wakafuata watu 4.

Nirudi kwa majibu yenu. Safari ya kwanza mliniambia niweke Windows upya. Bwana Meneja, mashine isiyoleta hata alama ya kwanza haijafika kwenye Windows. Huko ni kumlaumu dereva na gari halina betri. Safari ya pili mlisema ni stima ya Molo. Nakubali stima yetu hupanda na kushuka, lakini nina mashine nyingine 2 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, kuukuu kuliko yenu, na zinawaka kila asubuhi. Safari ya tatu mlipuliza vumbi, mkanirudishia.

Basi nikamwita fundi wa redio aliye jirani yangu. Tulibadilisha soketi na waya. Tulichomoa vibao vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, tukavijaribu kimoja kimoja. Tulitoa hadi diski. Betri ya saa, ile bapa ya CR2032, ilikuwa imeisha, nikanunua nyingine. Saa ikaacha kupotea, lakini kuwaka kukabaki palepale. Ndipo akaomba pawasaplai, lile sanduku la ndani linaloigawia mashine umeme, ya mashine yangu nyingine, tukaifunga kwenye hii yenu. Iliwaka kwa kubonyezwa mara moja tu, saa 1 asubuhi, siku 5 mfululizo. Tuliporudisha pawasaplai yenu, siku iliyofuata ilibonyezwa mara 8.

Fundi aliipima. Kuna waya wa zambarau ambao unapaswa kutoa volti 5 wakati wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kabla hujagusa kitufe. Saa 1 asubuhi ulitoa 4.3. Saa 4 ulitoa 4.9. Kinachoruhusiwa ni kupungua asilimia 5, yaani usishuke chini ya 4.75. Tulipomulika tochi ya simu kwenye matundu tukaona kapasita 2, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa kama mandazi, moja ina ukoko wa kahawia. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani. Zikizeeka hukauka, na baridi huzidi kuzilegeza mpaka zipate joto. Hatukuifungua pawasaplai. Stika yenu iko palepale, na humo ndani hubaki umeme wa kuua mtu hata baada ya kuchomoa.

Sasa fikirieni safari yake ya kuja kwenu. Inakaa mapajani mwangu ndani ya matatu ya watu 14, madirisha yamefungwa, tunateremka Nakuru kwenye joto, inafika mezani kwenu saa 7 mchana. Itakosaje kuwaka?

Ninachotaka ni pawasaplai nyingine iliyopimwa, au mashine nyingine, au shilingi 18,500 zangu. Pia nauli ya safari 3, jumla shilingi 1,800, kwa sababu nilitumwa bure. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka bidhaa iwe na ubora unaostahili, na mtumba nao ni bidhaa. Nawapa siku 14. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ila sina hamu ya kufunga duka kwenda huko.

Mkitaka kuhakikisha wenyewe, tumeni mtu aichukue, lakini msiipime mchana. Ilazeni sakafuni usiku kucha ikiwa imechomolewa, kisha kijana aibonyeze saa 12 na nusu asubuhi, kabla hajanywa chai. Nakala ya risiti, kurasa 2 za daftari na picha za kapasita nimeziambatisha.

Mkinipigia simu, pigeni baada ya saa 4. Kabla ya hapo huwa niko kwenye kitufe.

Wako mwaminifu,
Mwenye saiba, Molo