Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotetea Hewa Safi Mahakamani

Kwenu wanangu mawakili vijana, na kwenu viongozi wa vikundi vya wakazi mnaofuatana nao,

Baada ya salamu, niwaeleze kilichonifanya nishike kalamu. Nimezishughulikia kesi za mazingira kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nilipolitundika joho nimebaki kusoma hukumu na kupokea simu zenu. Simu hizo hunifurahisha, ila karibu zote huja kwa kuchelewa. Mtu hunieleza kwamba kiwango cha moshi kinachoruhusiwa viwandani kimelegezwa, au kwamba kemikali iliyokuwa imepigwa marufuku imerudishwa sokoni, kisha anataka kujua tunafungua kesi lini. Nami humuuliza: rasimu ya kanuni hiyo ilipotolewa ili wananchi watoe maoni, ninyi mliandika nini? Hapo simu hunyamaza.

Kinga za afya ya watu huliwa polepole, kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Neno "lazima" hugeuzwa kuwa "inapowezekana", tarehe ya kuanza kutumika husogezwa miaka miwili mbele, na kiwanda kilichotakiwa kupima moshi wake kila saa huruhusiwa kupima mara moja kwa mwaka. Yote hayo hupitia katika kipindi cha maoni ambacho wengi wetu hatukifuatilii, na jaji atakayesikiliza shauri baadaye, kwa kawaida, hatauliza kama yeye mwenyewe angeamua vile. Atauliza kama mamlaka ilifuata sheria na kama iliyapima yaliyowekwa mbele yake. Kwa hiyo hoja ambayo haikuwamo katika jalada siku uamuzi ulipofanywa ni vigumu mno kuipenyeza baadaye, hata kama ni ya kweli kiasi gani.

Tazameni mashauri mawili ya Marekani, ambayo nimekuwa nikiyarudia kwa kila kijana aliyepita ofisini kwangu. Mwaka 1973 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo iliagiza madini ya risasi yapunguzwe katika petroli, na watengenezaji wa kiungo hicho wakaenda mahakamani wakidai kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa risasi inayotoka kwenye magari ndiyo iliyomdhuru mtu yeyote. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa mjini Washington iliikubali kanuni hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Majaji walio wengi walisema kwamba sheria inayozungumzia kuhatarisha afya haimlazimu msimamizi kungoja watu waugue kwanza. Lakini someni hukumu yenyewe mwone walivyofika hapo: jalada lilikuwa na tafiti nyingi za pande mbalimbali, za damu, za vumbi, za hewa ya barabarani, ambazo hakuna hata mmoja uliotosha peke yake, na zilipowekwa pamoja zikaelekeza upande mmoja.

La pili ni la asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye mapaa na breki, nalo huniuma hadi leo. Marufuku yake ilitolewa mwaka 1989 baada ya kazi ya takriban miaka kumi, na mwaka 1991 mahakama nyingine ya rufaa ikatengua sehemu yake kubwa. Kwamba asbestosi husababisha saratani halikuwa jambo la kubishaniwa. Kilichoiangusha ni kwamba sheria ya wakati huo ilidai ichaguliwe hatua yenye mzigo mdogo zaidi miongoni mwa zile zinazotosha kuwalinda watu, na mamlaka haikuonyesha kwenye jalada kwamba imezipima hatua hizo moja baada ya nyingine kabla ya kufikia marufuku. Sharti hilo liliondolewa na Bunge mwaka 2016, na marufuku ya krisotili, aina ya mwisho iliyokuwa ikiendelea kuingizwa nchini humo, ikatolewa mwaka 2024. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Kuwa na haki ni jambo moja, wanangu, na kuthibitisha kile hasa ambacho kifungu kinadai ni jambo jingine. Someni kifungu kwanza, ndipo mkusanye ushahidi.

Kuhusu ushahidi nina mengi. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki London mwezi Februari 2013, akiwa na miaka tisa, baada ya kulazwa hospitalini karibu mara thelathini kwa pumu kali. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka barabara yenye msongamano mkubwa wa magari. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake, mwaka 2014, haukuitaja hewa kabisa. Mama yake, Rosamund, hakukubali, na mtaalamu wa magonjwa ya mapafu alipochukua kumbukumbu za kulazwa kwa mtoto na kuzilinganisha na takwimu za kituo cha kupima hewa kilichokuwa umbali wa takriban maili moja, picha ikabadilika. Mwaka 2019 uamuzi wa kwanza ulifutwa, na Desemba 2020 uchunguzi wa pili ukatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo hicho. Hewa ile ilikuwa imepimwa miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka karatasi mbili juu ya meza moja.

Basi kabla hamjakimbilia kununua vifaa vya bei kubwa, ulizeni ni nani tayari anapima na takwimu zake ziko wapi, kisha ziombeni kwa barua yenye tarehe na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakazi nao waweke daftari: siku, saa, upepo ulikotoka, harufu ilikuwaje, nani alikohoa usiku kucha. Daftari haliwezi kuchukua nafasi ya maabara, lakini shahidi anayelifungua ukurasa wa siku anayoulizwa hayumbishwi kirahisi na wakili wa upande wa pili.

Na tarehe! Niliwahi kufika masijala nikiwa na rufaa nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, kurasa mia moja na zaidi, viapo vyote vimesainiwa. Karani alifungua ukurasa wa kwanza, akaangalia kalenda ya ukutani, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, siku baada ya siku, nami nikihesabu naye kimoyomoyo. Alipofika mwisho alinirudishia bahasha bila kusema neno. Nilikuwa nimehesabu tangu siku tulipopata habari, na sheria ilihesabu tangu siku tangazo lilipochapishwa. Wateja wangu waliendelea kuvuta moshi ule.

Msidhani pia kwamba hukumu ndiyo mwisho wa safari. Uingereza, ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira, lilishinda katika Mahakama ya Juu mwaka 2015, serikali ikaamriwa kutayarisha mpango mpya wa kupunguza naitrojeni dayoksaidi, gesi chafu itokayo kwa wingi kwenye moshi wa magari. Mpango uliotolewa ukakataliwa na mahakama mwaka 2016, na uliofuata nao ukaonekana na kasoro mwaka 2018. Nchini Kenya, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020 katika kesi iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Watoto waliokuwa wachanga kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi walikuwa wameshakua. Mteja aambiwe mambo haya kabla ya kutia saini, pamoja na uwezekano wa kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Asiyeambiwa huvunjika moyo katikati ya njia, na hana kosa.

Jambo dogo ambalo huenda mkaliona la kizee: msimbebe mgonjwa kama bango. Mwombeni ruhusa kila mara mnapotaka kutumia picha au vipimo vyake, hata kama aliwahi kukubali. Na msiwatukane wafanyakazi wa kiwanda, kwa maana wao ndio wanaovuta sumu hiyo kwa ukaribu kuliko sote, na mara nyingi shahidi bora hutoka kwao.

Mkiona tangazo la rasimu, nileteeni maandishi yenu kipindi cha maoni kikiwa bado wazi, angalau wiki mbili kabla hakijafungwa. Yaandikwe kwa herufi kubwa, macho yangu si ya zamani, na kila takwimu iwe na chanzo chake pembeni. Nitayasoma yote na kuyarudisha yakiwa na wino mwekundu.

Ni mimi mzee wenu, wakili mstaafu.