Nimefika kwa Lord Egerton

Kwako Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Nakuru, baridi ndiyo hiyo unayoijua. Ile safari niliyokuwa nikiiahirisha nimeifanya. Jumamosi tulipanda matatu ya Njoro, tukashukia Ngata, kisha kwa boda hadi kasri la Lord Egerton, yule mlowezi wa Kiingereza.

Najua utaniuliza kwanza habari za yule mwanamke. Mwongozaji wetu hakukawia. Eti mchumba wa Lord alikuja, akaitazama nyumba ya awali, akasema ni banda la kuku. Bwana akajenga hili la vyumba 52, na bibi akakataa vilevile. Tangu hapo mwanamke akawa haruhusiwi kukanyaga shamba lake. Nilicheka, maana tulikuwa wanawake wanne tumesimama humo humo sebuleni, na nje vijana wanapanga viti vya harusi.

Lakini shoga, mimi kisa hicho hakiniingii. Kazi ilianza 1938, vita vikaikatiza, ikaisha 1954. Hasira gani ya mapenzi hudumu miaka 16? Tena huyo Lord, Maurice Egerton, alizaliwa 1874, kwa hiyo alipoanza kujenga alishapita miaka sitini. Nadhani mzee alikuwa na hamu ya kwao. Jumba la ukoo wao liko Tatton, Cheshire, Uingereza, na hili la Njoro ni kama mdogo wake: mawe ya kuchonga, dohani zimesimama juu ya paa kama walinzi. Ndani ni marumaru na mbao za mwaloni zilizovuka bahari. Ukumbi wa dansi ndio ulionishangaza, na kinanda chake cha mabomba. Sijui walicheza wanaume kwa wanaume!

Alilifaidi miaka minne tu, akafa 1958. Hakuoa wala hakuzaa, na ulodi ukazikwa naye. Tatton aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale kwao. Huku kwetu ikabaki ile shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 kwa vijana wa Kizungu, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Binti wa dada yangu yuko mwaka wa pili hapo, anasomea kilimo.

Ukija likizo nitakupeleka. Vaa viatu vya chini, ngazi ni nyingi, na usisahau sweta.

Wako,
Wambui