Muhula wa Pili Unakaribia: Wito wa Harambee ya Karo kutoka Nabugoye

Ndugu, majirani na marafiki, shalom.

Sisi ni wazazi wa Abayudaya, Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, tunaoishi katika kilima cha Nabugoye na vijiji vingine vinavyouzunguka mji wa Mbale. Tunawaandikia kuomba karo ya watoto. Kahawa ya msimu imekwisha kuuzwa. Kilichopatikana kimelipa muhula wa kwanza na deni la dukani, na muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Mei, wakati mibuni ya Mlima Elgon ina punje mbichi tu na hakuna mnunuzi anayepita. Ndizo wiki ambazo baba na mama hukaa usiku wakijadiliana: mtoto abaki katika shule yetu, au tumhamishie ile ya serikali iliyo karibu?

Wanaouliza hivyo si watu waliopungukiwa imani, na hatupendi kusikia wakisemwa vibaya. Tangu mwaka 1997 serikali ya Uganda haidai karo ya masomo katika shule za msingi za umma. Mzazi hubaki na sare, madaftari na chakula cha mchana. Shule za jamii yetu, ile ya msingi ya Hadassah na ile ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, zinahitaji karo ili mwalimu alipwe, kuni zinunuliwe, posho (ugali) na maharage yaive. Mwenye watoto watano na shamba dogo la kahawa hana haja ya kuhubiriwa. Anapiga hesabu, na hesabu inamkatalia.

Kuna na mengine yanayosemwa katika mazungumzo hayo ya usiku. Mtoto wa shule yetu hubeba Kiebrania, sala na Torati juu ya mtaala wa taifa, na mtihani wa darasa la saba haumwongezei alama kwa kujua herufi zinazosomwa kutoka kulia. Je, hatabaki nyuma? Wengine wanaogopa kwamba atakua akiwajua watu wake peke yao. Hofu hii ya pili ni rahisi kuijibu, kwa sababu katika madarasa yetu watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu hukaa dawati moja, kama wazazi wao wanavyouza kahawa pamoja katika ushirika wa Mirembe Kawomera ulioanzishwa na dini zote tatu mwaka 2004. Ile ya kwanza ni nzito zaidi. Tunasema tu kwamba Rabi Gershom Sizomu, aliyekulia hapa hapa, alisoma Torati hadi akawekwa kuwa rabi, yaani mwalimu na kiongozi wa dini yetu, huko Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 wananchi wa jimbo la Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua awe mbunge wao. Kiebrania hakikumzuia kufika popote.

Lakini linalotuumiza zaidi ni Jumamosi.

Shule nyingi nchini hufundisha watahiniwa siku ya Jumamosi. Mwalimu anataka kumaliza silabasi, wazazi wengine wanafurahi, na hakuna mwenye nia mbaya. Mtoto wetu wakati huo yuko sinagogi. Jumatatu anarudi darasani akikuta wenzake wamesonga mbele, naye anaomba daftari la kunakili. Baada ya mwezi anaanza kuona aibu. Baada ya muhula anaanza kumwuliza mama yake kama kweli ni lazima. Nasi tunajua mlango wa sheria hauko wazi sana katika jambo hili. Wanafunzi Waadventista, ambao nao hushika siku ya saba, walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere juu ya masomo na mitihani ya Jumamosi, wakapanda ngazi zote za mahakama, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa yao. Mtoto wa miaka 12 atafanya nini mahali watu wazima wenye mawakili waliposhindwa? Katika shule yetu Ijumaa jioni vitabu hufungwa, mkate na divai vinabarikiwa, na hakuna anayekosa somo kwa sababu hakuna somo.

Na bwenini kuna suala la nyama, maana sisi hatuli isiyochinjwa kwa sheria ya Torati. Aliye peke yake katika shule ya wengine huisukuma kando kila siku ya nyama, huku wenzake wakimtazama. Ni jambo dogo likitajwa mara moja. Likirudiwa miaka minne ya sekondari, mtoto huchoka kuwa tofauti.

Wazee wetu hawashangai wakisikia haya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeanzisha mji wa Mbale na ambaye Waingereza walimtumia kuiteka nchi hii kisha wakampunguzia cheo, alisoma Biblia mwenyewe na kuamua kushika Torati. Mwaka 1919 alitahiriwa, na wanawe pia, akawaongoza wafuasi wake katika Uyahudi. Alifariki mwaka 1928. Enzi hiyo shule zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na aliyetaka kusoma alitakiwa kwanza abatizwe na kupewa jina jipya. Hivyo babu zetu waliwekewa kitabu upande mmoja na Sabato upande mwingine, wakaambiwa wachague. Wako waliokubali maji ili wapate kusoma, na hatuwahukumu. Wengi walibaki na Sabato, na watoto wao wakabaki bila kujua kusoma. Hasara ya chaguo hilo tunaiona hadi leo tukihesabu ni wangapi wa umri wa bibi zetu waliowahi kushika kalamu.

Kisha akaja Idi Amin. Aliupiga marufuku Uyahudi, masinagogi yakafungwa, na waliokuwa watu wapatao 3,000 wakapungua hadi mia chache waliosali kwa siri. Wasomaji wetu wa Tanzania wana sehemu yao katika kumbukumbu hii, pengine bila kujua. Kampala ilikombolewa na majeshi yenu pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Kila mwaka tukikaa mezani kusimulia habari za Farao, hatuwezi kuisimulia bila kuwataja askari wa Tanzania.

Ndiyo maana tulipopata uhuru wa kusali, shule ilifuata. Wahenga wa Talmudi, kitabu chetu cha kale cha mafundisho ya marabi, wanasimulia kwamba zamani aliyekuwa na baba ndiye aliyefundishwa, na yatima hakujifunza, mpaka kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla alipoagiza kila mji uweke walimu wa watoto kuanzia miaka sita au saba. Wakapanga na idadi: mwalimu mmoja kwa watoto 25, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili. Walimu wetu wanaufurahia sana mstari huo, na yeyote anayezijua shule za vijijini anaelewa kwa nini. Agizo hilo liliwekwa juu ya mji mzima. Halikuachiwa mzazi mmoja mmoja, maana hata wakati ule walijua kwamba mzazi maskini hawezi peke yake. Hata leo si Afrika tu: Wayahudi wa Marekani nao hukaa mezani wakipiga hesabu hii hii, kwani huko shule nyingi za namna hii hudai zaidi ya dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na jumuiya huchangishana ili asiyeweza asifukuzwe.

Hatuombi ili kila mtoto wa Kiyahudi alazimike kusoma kwetu. Akiwepo mzazi aliyepima akaona shule nyingine inamfaa mwanawe, kwa sababu ya umbali, au kipaji, au ndugu atakayemtunza mjini, tutamsindikiza kwa amani. Tunachokataa ni mtoto kuondoka muhula wa pili kwa sababu tu kahawa iliuzwa bei ya chini. Huyo hakuchaguliwa shule na mzazi wake.

Mchango wenu utaingia katika mfuko wa karo wa kamati ya wazazi. Utalipa karo ya muhula wa pili kwa watoto ambao wazazi wao wameshindwa, wa msingi na wa sekondari, yatima wakitangulia. Mtoto wa Kikristo au wa Kiislamu anayesoma kwetu ana haki sawa katika mfuko huu. Familia yake imetukabidhi mtoto wao kwa imani, nasi hatutamgeuka wakati wa shida. Watakaosaidiwa watachaguliwa na wazazi pamoja na walimu wa darasa, na majina yao hayatasomwa popote.

Tutakusanyika kwa harambee Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, asubuhi, katika uwanja wa sinagogi kilimani Nabugoye. Njoo na ulicho nacho. Mahindi na maharage yanapokelewa kwa debe na yatakwenda moja kwa moja jikoni. Kuku, mikungu ya matoke na mbuzi vitapigwa mnada hapo hapo. Mafundi, tunahitaji pia mikono yenu: kuna madawati ya kukongomelewa na magodoro ya kushonewa mifuko mipya. Majirani zetu wa Kenya, ninyi ambao baada ya uhuru mlijenga shule nyingi za sekondari kwa nguvu za wananchi, njooni mtuonyeshe jinsi mnada unavyochangamshwa. Vijana wetu waliovuka Malaba kutafuta kazi Bungoma, Eldoret na Nairobi, anzeni kuchanga huko mliko na mtume mjumbe mmoja.

Tunajua desturi ya harambee ni kutaja jina na kiasi kwa sauti, na anayependa atatajwa na kupigiwa makofi kwa moyo wote. Kwetu pia kutoa kwa siri kuna heshima kubwa. Kwa hiyo kutakuwa na sanduku mlangoni. Weka, pita, hakuna atakayekuuliza.

Mnaotuma kwa simu, ombeni namba kwa mjumbe wa kamati katika kijiji chenu na muitumie hiyo tu. Jina litakalotokea ni la mweka hazina, na kila mchango utapewa stakabadhi. Kuanzia Ijumaa jua linapokuchwa hadi Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana, mweka hazina hagusi simu wala fedha, basi msishtuke mkikaa bila jibu. Atawajibu usiku huo huo. Hesabu yote ya mapato na matumizi itabandikwa ubaoni ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya likizo ya Agosti, na yeyote aliyechanga anakaribishwa kuja kuikagua.