Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: mfupa umeunga, mtoto je?

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Tunaoandika ni wauguzi na washauri nasaha tunaohudumia watoto majeruhi. Wengine wamegongwa na bodaboda kwenye barabara ya TANZAM wakienda shule. Juni na Julai, baridi inapokaza, huja walioungua kwa jiko la mkaa lililoingizwa ndani au sufuria ya maji ya kuoga. Mifupa inaunga, vidonda vinafunga. Kinachotusumbua ni mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayeruka akisikia honi, anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule.

Hofu nyingi hupandwa chumba cha kusafishia vidonda. Mtoto anaambiwa "haiumi", kisha gozi, yaani kitambaa cha kufungia kidonda, lililokauka linabanduliwa huku watu wanne wamemkandamiza. Kesho yake anaanza kulia akisikia tu magurudumu ya toroli. Kuzuia hili si gharama. Parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, dakika 45 kabla: mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kidonda kikubwa cha moto kinataka zaidi ya hapo. Daktari aandike dawa kali za maumivu, mofini au ketamini, mapema, siyo mtoto akishapiga mayowe. Gozi liloweshwe mpaka liachie lenyewe. Mama akae upande wa kichwa. Mtoto aambiwe ukweli kwamba itauma, na kwamba akisema "subiri" muuguzi atasubiri. Na asubiri kweli! Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, hataamini tena.

Halafu kuna kusimulishwa ajali: kwa ajili ya PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kwa daktari, kwa kila shangazi anayekuja na machungwa. Kumlazimisha hakumponyi. Akianza mwenyewe, asikilizwe. Wala asipewe diazepamu, dawa ya kutuliza, ili alale: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unasema dawa za kundi hilo zisitumike kutibu msongo wa mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha.

Sasa ombi lenyewe. Ndoto mbaya na kung'ang'ania mama ni kawaida wiki za mwanzo, na watoto wengi hutulia wakirudia ratiba yao. Dalili zikivuka mwezi ndipo tiba inahitajika, na kwa bahati nzuri aliyevunjika mguu huwa anarudi kliniki kwenye wiki ya sita hivi. Anapigwa picha, hogo (plasta ngumu) linakatwa, anaruhusiwa. Hakuna anayemuuliza analalaje. Tunaomba waraka wako uweke maswali manne kwenye kadi ya kliniki. Unaiota ajali? Kuna mahali au kitu unachokikwepa? Unashtuka ovyo? Umeacha kucheza na wenzako? Aulizwe mtoto mwenyewe, kwa sababu mzazi huona machozi lakini haoni ndoto, na mara nyingi naye bado ana mshtuko wake. "Ndiyo" mbili zitoshe kumpa rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Anayetaja kutaka kufa apelekwe siku hiyo hiyo.

Utaambiwa wataalamu hawatoshi. Ni kweli. Lakini jaribio lililofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, matokeo yakachapishwa 2020, lilitumia watu wasio wataalamu, waliofundishwa na kusimamiwa, kuwatibu kwa mazungumzo watoto waliofiwa na wazazi, na kwa Tanzania lilifaulu hasa vijijini. Katika tiba hiyo mtoto husimulia, ila kwa hatua, na kwa mtu anayejua kumpokea. Maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri zetu wanaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Shuleni, mwalimu wa malezi apewe barua fupi: mtoto aanze na nusu siku, asichapwe kwa kusinzia, na anayeogopa barabara asindikizwe, leo hadi ukingoni tu, kesho avuke ameshikwa mkono.

Maswali manne hayazidi dakika tano. Tunaomba yawe kwenye kadi kabla ya Juni, na kuwafundisha wauguzi wa kliniki tutakuja wenyewe.

Wako katika huduma,
Wauguzi na washauri nasaha wa watoto, Mbeya