Shukrani kwa fundi seremala wa Chanika

Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja, tangu 1976, lakini yetu hapa Chanika ilikuwa changa kabisa: familia chache tu, na masika yalipoanza hatukuwa na pa kusalia. Fundi seremala mmoja, Mwislamu, akatufungulia karakana yake. Kila Jumamosi alfajiri tulikuta ameshafagia maranda na kupanga mbao juu ya matofali ili tukae. Padre alipokuja kuadhimisha Misa, fundi alitengeneza meza, akaipiga msasa mpaka ikateleza, akakataa hata hela ya misumari. Sasa tumeongezeka hadi tumegawanywa jumuiya mbili. Fundi wetu, Mungu akuzidishie. Nawe mwenye kibanda kinachokaa bure Jumamosi, wafungulie majirani wanaoanza.